Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Karagwe na Malezi ya Waganga Wetu

Kila mwaka vyuo vyetu vya uganga na uuguzi hutoa vijana waliofuzu. Hupewa vyeti vyao mbele ya wazazi na viongozi, hupigiwa vigelegele, kisha hutawanyika kwenda kazini. Siku hiyo ni ya furaha, nasi hatuna nia ya kuipunguza furaha hiyo. Hata hivyo, liko swali moja ambalo hotuba za siku ile aghalabu huliruka: vijana hawa wamefundishwa wapi? Hatuulizi jina la chuo. Twauliza ni wapi walipomwona mgonjwa wao wa kwanza, alisafiri mwendo gani kabla ya kufika mbele yao, na aliwaeleza maumivu yake kwa lugha gani.

Swali hili lina uzito wake. Udaktari katika nchi yetu husomwa miaka 5, kisha ukafuata mwaka 1 wa mazoezi chini ya usimamizi. Utabibu wa stashahada husomwa miaka 3. Sehemu kubwa ya muda huo hupita mjini, katika hospitali kubwa zenye maabara, mashine na mabingwa. Ni haki iwe hivyo, maana fani hii haisomwi gizani. Lakini wananchi wengi wanaoingojea huduma hawakai karibu na mabingwa hao. Wako Kojani na Tumbatu, ambako mgonjwa huvuka maji kabla ya kuonana na daktari. Na wako katika milima ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria.

Leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu hadi huko Kagera. Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza Karagwe inamhusu nini. Twamwomba subira kidogo, kwa kuwa tunaamini ziko pale nyumba chache za kumfunza mganga kijana ambazo sisi wa Visiwani tungefaidika nazo, kama tungezijua.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, Kyerwa ilipopewa hadhi ya wilaya. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 320,000 katika kila moja ya wilaya hizo mbili. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Mto Kagera unaitenganisha na Rwanda upande wa magharibi, na upande wa kaskazini iko Uganda. Karagwe ina hospitali ya Nyakahanga, ya Kanisa la Kilutheri. Kyerwa ina hospitali ya Isingiro, ya Kanisa Katoliki. Hospitali hizi za mashirika ya dini zimebeba mzigo mkubwa wa tiba ya wananchi wa huko kwa muda mrefu. Barabara itokayo jirani ya Omurushaka mpaka Murongo, mpakani na Uganda, ina urefu wa kama kilomita 110. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua, kilomita hizo ni bahari yenye mawimbi. Mtu wa kisiwani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

MGENI ALIYEUGUZWA NA WENYEJI

Safari ya Karagwe si ngeni kwa watu wa Visiwani. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliondoka Unguja wakiwa na msafara wa wapagazi na walinzi, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay. Mwezi Novemba 1861 wakafika Bweranyange, makao ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia, wakiwa na kituo chao Kafuro, si mbali na hapo. Huko mguu wa Grant ukavimba na kutunga usaha, hata akashindwa kusimama. Speke alipoendelea na safari yake kwenda Buganda mwezi Januari 1862, Grant aliachwa nyuma, akakaa miezi kadhaa mikononi mwa wenyeji, ambao walimtunza na kumjaribia dawa zao.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Karagwe methali hiyo iligeuka, ikawa mwenyeji ndiye aliyemuuguza mgeni. Ndivyo ilivyo, kwa maoni yetu, kwa kila mwanafunzi wa uganga anayepelekwa kijijini. Hufika akidhani kwamba yeye ndiye mponyaji, kumbe naye amekuja na ugonjwa wake, ambao ni kutojua maisha ya watu atakaowatibu. Dawa ya ugonjwa huo haiuzwi dukani, wala haimo vitabuni. Wanayo wananchi wenyewe.

SOMO LA KUSIKILIZA

Dawa ya kwanza ni kusikiliza. Chuoni mwanafunzi hufundishwa kwamba maelezo ya mgonjwa ndiyo nusu ya utambuzi wa maradhi. Lakini maelezo hayo huja kwa lugha ya mgonjwa, si ya kitabu. Wananchi wa Karagwe na Kyerwa husema Kinyambo, lugha iliyo ndugu na Kihaya na Kinyankole. Katika lugha za ukanda ule, neno enda ndilo tumbo, nalo ndilo mimba. Mwanafunzi asiyeuliza mara ya pili aweza kutibu minyoo pale palipo na ujauzito. Yule anayeuliza kwa adabu, na kumpa mama nafasi ya kujieleza bila ya mkwe au jirani kusimama kando, hupata katika dakika tano yale ambayo maabara isingempa kwa siku nzima.

Somo hili halikomei kwenye msamiati. Mkoa wa Kagera ni mkoa wa ndizi, na mgeni apitaye barabarani huona migomba kila upande akasema hapa njaa haijui njia. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto wapatao 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa. Ndizi hushibisha tumbo, lakini peke yake haimjengi mtoto. Mwanafunzi aliyezoea kupima uzito na kuandika namba hulazimika kujifunza kuuliza: mtoto amekula nini jana, nani aliyempikia, maziwa yameuzwa au yamenywewa, mama alikuwa shambani saa ngapi? Maswali ya namna hii hayana mashine. Yana kigoda, uvumilivu na heshima.

SOMO LA HOMA

Dawa ya pili yatuhusu sana sisi wa Visiwani. Kwa juhudi kubwa za serikali na wananchi, tangu yapata mwaka 2008 malaria Zanzibar imeshuka hadi chini ya mtu 1 katika kila 100. Ni ushindi wa kujivunia. Lakini kila ushindi una gharama yake, na gharama ya huu ni kwamba kijana anayesomea Unguja aweza kumaliza masomo akiwa amemwona mtoto mwenye malaria kali mara chache mno, au asimwone kabisa. Siku mtoto huyo atakaposhuka melini kutoka bara, akiwa na degedege na damu pungufu, nani atakayemtambua upesi?

Mkoa wa Kagera umekuwa miongoni mwa mikoa iliyosumbuliwa mno na malaria. Utafiti wa miaka ya 2007 na 2008 ulikuta vimelea katika damu ya watoto wadogo wapatao 41 kati ya kila 100. Kiwango hicho kilipungua sana katika miaka iliyofuata, lakini ugonjwa haukuondoka. Wiki chache katika wodi ya watoto ya hospitali ya vijijini zaweza kumfunza mwanafunzi wetu rangi ya kiganja cha mtoto aliyeishiwa damu, pumzi ya mtoto anayezama katika homa, na haraka inayotakiwa. Elimu hii haipatikani kwa kusimuliwa.

SOMO LA SIRI

Dawa ya tatu ni kutunza siri na heshima ya mgonjwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikotambuliwa, watatu, mwaka 1983. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina. Wananchi waliuita Juliana, jina la kitambaa cha biashara kilichopendwa siku zile. Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima mkoani humo. Waliokutwa na virusi katika mji wa Bukoba walikuwa kama 24 katika kila 100, na Karagwe kama 4 au 5 katika kila 100. Tofauti hiyo kati ya mji na mashamba ilifundisha jambo kubwa: maradhi hufuata barabara, biashara na mwendo wa watu, na mganga asiyeijua njia ya watu haijui njia ya ugonjwa.

Waliokuwa wakifunzwa uganga katika miaka ile walijifunza kazi bila ya dawa mkononi. Walijifunza kukaa na mgonjwa asiyeweza kuponywa, kumwosha, kumsikiliza, na kumweleza mkewe au mumewe ukweli bila ya kumvunjia utu. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ulianza mwaka 2004, yaani miaka 21 baada ya wagonjwa wale wa kwanza. Leo dawa zipo, na mwanafunzi aweza kudhani kwamba kidonge chatosha. Hakitoshi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu huficha maradhi yake mbele ya mganga ambaye hana kifua. Katika kijiji ambamo kila mtu anamjua kila mtu, kama ilivyo katika visiwa vyetu vidogo, neno moja lililotoka katika chumba cha daktari hufika kisimani kabla ya mgonjwa kufika nyumbani. Mjini mwanafunzi husoma kanuni ya siri katika maandishi. Kijijini huiona ikilinda nyumba au ikiibomoa.

SOMO LA NDOO NA SHIMO

Dawa ya nne ililetwa na msiba wa jirani. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Makumi ya maelfu wengine waliingia Karagwe, wakakaa katika makambi mpaka waliporejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Wakati huohuo Mto Kagera ulichukua maiti za waliouawa, ukapita nazo mpakani mwa Karagwe mpaka Ziwa Viktoria. Walioyaona hayo hawahitaji kukumbushwa.

Miezi mitatu baadaye, huko Goma nchini Zaire, kipindupindu na kuhara damu viliwaingia wakimbizi waliopiga kambi juu ya miamba ya volkano, mahali ambapo shimo la choo halichimbiki. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Mganga kijana anayejifunza habari hizi hugundua kwamba elimu yake ya vidonge na sindano ni sehemu ndogo tu ya kazi. Hesabu inayookoa watu wengi ni nyepesi: kila mtu apate lita 15 za maji safi kwa siku, na choo kimoja kisizidi watu 20. Na kwa mtoto anayeharisha, maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo vyaweza kumshikilia mpaka afike kituoni.

Sisi wa Visiwani somo hilo tulilipata kwa uchungu mwaka 1978, kipindupindu kilipozuka katika kijiji cha wavuvi na kuua watu 51 kati ya 411 waliougua, na milipuko mingine ikafuata katika miaka ya baadaye. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefunzwa kuchimba choo na kutibu kisima anatufaa sawasawa na yule aliyefunzwa kushika kisu cha upasuaji. Hata taifa lilikwisha kulitambua jambo hilo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, nao wakatoka vikundini wakashika majembe.

SOMO LA GLOVU

Dawa ya tano ni ya karibu zaidi. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka Bukoba Vijijini, mkoani humo humo, ulikuwa homa ya Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa nchini. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alipoteza maisha. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Januari 2025 ugonjwa huo ulizuka tena, safari hii Biharamulo, nako watu 10 walifariki kabla ya kutangazwa kwisha mwezi Machi.

Homa ya namna hii huanza kama malaria. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, ana joto. Mwanafunzi aliye zamu usiku hajui ni ipi kati ya hizo mbili. Kinga yake si ushujaa. Kinga yake ni maji, sabuni, glovu na desturi ya kuvitumia kwa kila mgonjwa, hata yule anayeonekana mzima. Tena hujifunza kufuatilia jamaa wote waliomgusa mgonjwa kwa siku 21, nyumba kwa nyumba, kwa upole, maana watu wanaoogopa hujificha. Hapo ndipo masomo yote ya kwanza hurudi kwa pamoja: asiyejua kusikiliza hataambiwa nani alimwosha maiti, na asiyejua kutunza siri hatafunguliwa mlango.

Kwa hiyo twasema wazi: glovu ni haki ya mwanafunzi kabla ya kuwa zoezi lake. Kumpeleka kijana wodini bila ya kinga na kumwita shujaa ni kumtoa kafara.

YAPASAYO KUTENDWA

Wapo watakaosema kwamba hospitali za vijijini zimeelemewa, na kuzipelekea wanafunzi ni kuziongezea mzigo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwanafunzi asiye na mwalimu hujifunza makosa, na hospitali inayomtumia kama kibarua wa bure haimlei. Wengine watasema kwamba kijana aliyeonja shida ya kijijini mapema atakimbia mapema. Sisi twaona kinyume chake. Anayekimbia ni yule aliyeahidiwa mji, akapewa kijiji bila ya kuandaliwa. Aliyekwisha kuishi huko akiwa na mwalimu, nyumba na chakula hujua la kufanya siku atakapopangiwa kazi.

Kwa sababu hizo twatoa rai kwa wizara za afya za pande zote mbili za Muungano. Kwanza, kila mwanafunzi wa udaktari, utabibu na uuguzi apitishwe katika wilaya ya pembezoni kwa muda wa miezi, si kwa ziara ya siku chache. Pili, uwepo mpango wa kubadilishana: vijana wa Mbweni na vyuo vingine vya Zanzibar waende Karagwe na Kyerwa, na wenzao wa Kagera waje Pemba na Unguja, wakaone jinsi malaria ilivyopunguzwa na jinsi mgonjwa anavyovushwa kwa boti. Tatu, mganga wa wilaya anayekabidhiwa wanafunzi apunguziwe kazi nyingine na alipwe kwa kufundisha, maana kufundisha nako ni kazi. Nne, posho ya mwanafunzi imfikie kabla ya njaa, na nyumba yake iwe na mlango unaofungika, hasa kwa wasichana. Tano, wazee na akina mama wa kijiji waulizwe maoni yao juu ya kila mwanafunzi anapoondoka. Aliyetibiwa ndiye shahidi wa kwanza.

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliuambia ulimwengu kwamba afya ya msingi yapasa kuwa karibu iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Basi na mafunzo ya wale watakaoitoa afya hiyo yasogezwe huko. Serikali yetu hupanga bajeti kila mwaka kwa ajili ya majengo na mashine, nasi twaunga mkono. Twaomba mwaka huu katika makadirio hayo uonekane pia mstari mmoja wa nyumba za wanafunzi wa uganga katika wilaya za pembezoni, za bara na za Visiwani, na mstari mwingine wa glovu zao.